Vijana waingie karakana za mitambo mizito

Uamuzi wa Februari 2022 wa kujenga bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga uliingiza nchini Uganda matingatinga, magreda na winchi. Vijana wetu wengi wakiitazama mitambo hiyo huwazia usukani tu.

Kazi ya dereva wa mradi huisha bomba likishafukiwa. Ya fundi haiishi, kwani mtambo kadiri unavyozeeka ndivyo unavyomhitaji zaidi. Anayejua pampu za haidroliki, injini za dizeli na umeme wa mitambo anahitajika machimboni, barabarani na hata mashamba ya miwa. Akichoka na spana, ujuzi huo huo humfaa katika kuuza mitambo na vipuri, maana mnunuzi humwamini anayejua kinachoharibika.

Tunaiomba Serikali kila mkataba wa kununua mitambo uwe na kifungu cha kuwafundisha mafundi wetu. Greda likilala miezi likingoja fundi kutoka Kampala, mvua haingoji. Barabara ya kijiji hukatika. Wazazi nao waache kudhani kuwa oili mikononi ni alama ya aliyeshindwa shule.