Sala si Uvivu

Wako watu katika nchi yetu, tena watu wa elimu, ambao kila walisikiapo neno sala hutabasamu kwa dharau. Husema kwamba maskini hupiga magoti kwa sababu hana kazi, na kwamba hana kazi kwa sababu hupiga magoti. Kisha hunyosha kidole kuelekea Ulaya na kusema: "Tazameni! Wenzetu wameyaacha makanisa yao yakawa majumba ya kutazamwa na wageni, nao wana barabara, hospitali na chakula tele. Sisi twakesha tukiomba, na asubuhi twaamka na njaa ile ile." Hoja hiyo ina makali, na kijana aisikiaye mara ya kwanza hudhani imekata mti mpaka shina. Mimi nasema imepunguza matawi tu.

Upande wa pili wamesimama watu wabaya zaidi, nao ni wahubiri wauzao miujiza. Nilimwona kwa macho yangu mjane mmoja wa kijijini kwetu akimuuza mbuzi wake wa maziwa ili fedha azipeleke kwa mhubiri mgeni, aliyemwahidi kwamba sadaka hiyo ni mbegu na kwamba itamrudia mara mia. Mhubiri aliondoka na gari lake. Mbuzi hakurudi, na watoto wa mjane walikunywa chai bila maziwa mwaka mzima. Ukiniuliza ni nani aliyeitukana sala zaidi, yule mwenye elimu aliyecheka au yule mhubiri aliyeshangilia, sitasita kukujibu.

Lakini tazama, msomaji, jinsi maadui hawa wawili wanavyokubaliana. Wote wawili huamini kwamba kazi ya sala ni kushika mahali pa kazi. Mmoja huikataa kwa sababu hiyo, na mwingine huiuza kwa sababu hiyo hiyo. Wote wawili wamekosea, na ushahidi wa kosa lao umo katika Ulaya ile ile inayotajwa kila siku. Basi na twende huko, tuone makanisa yale yalifanya nini zamani yalipokuwa yamejaa watu.

Katika vilima vya Westerwald, Ujerumani, alikuwako mtu aitwaye Friedrich Wilhelm Raiffeisen, aliyezaliwa mwaka 1818. Alikuwa mcha Mungu, na sehemu ya elimu yake aliipata kwa mchungaji wa kwao. Aliacha jeshi kwa ugonjwa wa macho, na mwaka 1845 akawa meya wa Weyerbusch, mahali pa wakulima wadogo wenye ardhi duni. Msimu wa baridi wa 1846 na 1847 ulileta njaa. Serikali ilipeleka unga, lakini kwa amri kwamba uuzwe kwa fedha taslimu. Na mwenye njaa, kama ujuavyo, ndiye asiyekuwa na fedha taslimu. Raiffeisen aliuona upuuzi wa amri hiyo. Aliwakusanya wenye uwezo wa mahali pale wachange fedha, akawakopesha maskini unga, na watu wakajenga tanuri la kuokea mikate ya bei nafuu. Watu waliokuwa wakingoja kufa walikula.

Kama hadithi ingekoma hapo ingekuwa hadithi ya sadaka, nami nisingeisumbua kalamu yangu. Sadaka ina aibu yake: mtoaji huchoka, na mpokeaji huinama. Raiffeisen mwenyewe aliyaona hayo. Vyama vyake vya kwanza vilitegemea huruma ya matajiri, na huruma ilipopoa, vyama navyo vilidhoofika. Kwa hiyo mwaka 1864, huko Heddesdorf, aligeuza mpango. Wakulima wenyewe wakawa wanachama, wakaweka akiba yao pamoja, na kila mmoja akawa mdhamini wa mwenzake kwa mali yake yote. Viongozi wa chama walifanya kazi bila mshahara. Na eneo la chama, alishauri, lisizidi parokia moja.

Kwa nini parokia moja? Jibu la swali hili ni kiini cha hoja yangu. Mkopeshaji wa mjini huuliza rehani, na maskini hana rehani. Au anayo, nayo ni ng'ombe mmoja, ambaye mkopeshaji humchukua mavuno yanapoharibika. Lakini jirani aketiye nawe katika benchi moja ya kanisa ajua mambo ambayo hayaandikwi katika hati yoyote. Ajua kama wewe ni mlevi au mwenye kiasi, kama hulipa au hukimbia, kama ulimficha mwana wako au ulimtoa alipoiba. Ujuzi huo ndio uliokuwa rehani ya maskini wa Heddesdorf. Na mtu aliyepiga magoti kando ya mdeni wake siku ya Jumapili huona haya kumfilisi siku ya Jumatatu. Mdeni naye huona haya kukimbia. Raiffeisen alishikilia mpaka kufa kwake, mwaka 1888, kwamba msingi wa vyama vyake ulikuwa wajibu wa Mkristo kwa jirani yake, wala si faida. Leo benki zenye jina lake zimo Ujerumani, Austria na Uswisi, na wengi wa wapitao mlangoni hawajui kwamba chanzo chake ni tanuri la mikate.

Mbegu hiyo, ambayo haikuuzwa na mhubiri yeyote, ilivuka bahari. Huko Lévis, katika jimbo la Quebec, Alphonse Desjardins, Mkatoliki aliyekuwa mwandishi wa mijadala ya Bunge la Kanada, alianzisha chama cha akiba mwaka 1900 kwa msaada wa mapadre wa kwao. Chama kilipofungua mlango Januari 1901, amana ya kwanza ilikuwa senti 10, na jumla ya siku ile ilikuwa dola 26 na senti 40. Ningependa wenye kudharau fedha ndogo waikariri hesabu hiyo.

Mashariki zaidi, katika Nova Scotia, wavuvi waliishi katika hali mbaya kuliko ya wakulima wa Raiffeisen. Mfanyabiashara aliwakopesha nyavu na unga, kisha akanunua samaki kwa bei aliyoipanga yeye, na mwisho wa mwaka mvuvi alibaki mdeni wake. Padre Jimmy Tompkins, baada ya kutofautiana na askofu wake juu ya mambo ya chuo, alipelekwa Canso, bandari iliyokuwa kama mahali pa uhamisho. Tarehe 1 Julai 1927, taifa lilipokuwa likisherehekea miaka 60 ya muungano wake, wavuvi wa Canso walikutana na kuuliza washerehekee nini. Mapadre walilichukua swali hilo, wakalipaza, mpaka serikali ikaunda tume ya kuchunguza hali ya uvuvi. Mwaka 1928 Chuo Kikuu cha St. Francis Xavier, mjini Antigonish, kilianzisha idara ya kuwaelimisha watu wazima, na mkuu wake akawa Padre Moses Coady. Elimu hiyo haikungoja madarasa. Watu walikutana jikoni kwa jirani, wachache wachache, wakasoma vijitabu na kupiga hesabu: nani alinufaika na samaki huyu, na kwa kiasi gani? Katika kijiji cha Little Dover walikata miti wenyewe na kujenga kiwanda cha kutia kambakoche makoponi. Mwaka Coady alipokufa, 1959, chuo kile kilifungua taasisi yenye jina lake, ambayo imewafundisha watu wengi wa Afrika. Na kabla yake, mwaka 1955, chama cha kwanza cha akiba na mikopo cha aina hii katika Afrika kilianzishwa Jirapa, kaskazini ya nchi iitwayo leo Ghana, na mmisionari Mkatoliki, Padre John McNulty. Wazazi wenu walio katika SACCO ya walimu au ya wakulima wa chai ni warithi wa safari hiyo ndefu kutoka parokia hadi parokia.

Mwenye elimu atanikatiza hapa. "Ni ushirika uliowaokoa," atasema, "wala si sala. Waanzilishi wa duka la Rochdale, Uingereza, mwaka 1844, hawakumuuliza mtu dini yake, nao walifaulu." Ni kweli, nami namkubalia. Haki haikukodishwa kwa makanisa peke yake. Msomaji Mwislamu naye ataniambia kwamba msikiti wake una zaka na wakfu, na simbishii. Nimelichagua kanisa kwa kuwa njia yake katika jambo hili naijua zaidi. Nakubali tena kwamba makanisa yana madhambi. Katika nchi hii, zamani za ukoloni, misheni zilimiliki ardhi kubwa huku waumini wao wakikosa pa kulima, na wapo wachungaji wengi walionyamaza walipopaswa kusema.

Lakini Rochdale palikuwa mji wa viwanda, na wafumaji wake walikuwa wamekwisha zoea kukutana na kudai haki. Je, mahali pasipo kiwanda, wala chama cha wafanyakazi, wala afisa wa serikali afikaye zaidi ya mara moja kwa mwaka, ni nani awakusanyaye watu kila juma bila malipo? Nakuomba unitajie mwingine zaidi ya yule apigaye kengele. Na wakisha kukusanyika, ni nini kiwafanyacho wavumilie miaka ya senti kumi kumi? Hesabu peke yake haimvumilishi mtu hivyo. Anayeamini kwamba ametazamwa na Mungu hukataa kujiona takataka, na asiyejiona takataka hawezi kuridhika kudhulumiwa. Ndiyo maana wavuvi wa Canso hawakuomba tu; walikwenda na kuisumbua serikali.

Sisi nasi hatukukosa mfano. Baada ya Uhuru wa 1963, shule za msingi zilitoa vijana wengi kuliko nafasi za sekondari na za kazi. Mwaka 1966 baraza la makanisa, lile tuliitalo leo NCCK, lilishirikiana na chama cha elimu cha makanisa kutoa ripoti iliyouliza kijana afanye nini baada ya shule. Halikuishia kuuliza. Makanisa yalisaidia kuanzisha vyuo vidogo vya ufundi vijijini, mahali pa kujifunza useremala, uashi, ushonaji na kilimo, na baadaye serikali ikaikubali kazi hiyo na kuipanua. Kijana aliyerudishwa nyumbani kama aliyeshindwa alipata randa mkononi. Wakati huo huo, yamkini, mwenye elimu mmoja alikuwa akiandika kwamba kanisa ni kasumba ya maskini.

Nimemtaja mjane aliyemuuza mbuzi. Wanawake wa kanisa lake wana chama. Hukutana Alhamisi alasiri. Huomba kwanza, tena si kwa muda mrefu, kisha hufungua sanduku la bati lenye kufuli tatu. Mwaka uliofuata walimkaribisha, naye kwa miezi mingi aliona haya kwenda, kwa sababu kila mtu aliijua habari ya mbuzi wake. Mwishowe alikwenda, akaanza kwa shilingi ishirini. Alipokopa fedha za kumnunua mbuzi mwingine, wanawake watatu walimdhamini, nao wote watatu walikuwapo katika mkutano wa yule mhubiri. Deni amekwisha lilipa. Funguo za sanduku huwekwa katika nyumba tatu mbalimbali, na mmoja wa funguo hizo sasa umo nyumbani mwake.