NANI AICHAGUE BODI YA SHULE?

Mwezi wa Machi 2020 watu wa jimbo la Alabama, Marekani, waliulizwa kwa kura: wajumbe wa Bodi ya Elimu ya jimbo waendelee kuchaguliwa na wananchi, au wateuliwe na Gavana? Karibu robo tatu ya waliopiga kura walikataa kumpa Gavana kazi hiyo.

Sisi wa Bongwe hatujaulizwa swali kama hilo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 56, yataja wajumbe 13 wa bodi ya shule, mbali na mwakilishi wa wanafunzi. Sita huchaguliwa kwa niaba ya wazazi, mmoja na walimu. Watatu ni wa mfadhili. Waliobaki ni wa Bodi ya Elimu ya Kaunti na wa makundi maalum. Sita katika 13 si wengi. Tena hata hao sita hawaingii mpaka wateuliwe na Bodi ya Kaunti, ambayo wajumbe wake nao huteuliwa na Waziri. Twasema wazi: mtu aliyekwisha kuchaguliwa na wazazi hafai kungojea hisani ya ofisi.

Jambo hili latuhusu kama wafanya kazi, si kama wazazi tu. Mpishi wa shule, askari wa usiku na karani huandikwa na kulipwa na bodi. Bodi ndiyo ipokeayo fedha za shule na kuzitolea hesabu. Kwa hiyo wale sita ni waajiri, na yafaa wawe watu wajuao uchungu wa mshahara uliochelewa.

Lakini mkutano ukiitwa Jumatano saa nne asubuhi, nani atafika? Wapishi na wasafisha vyumba wa hoteli za Diani wako kazini. Wachache waliopo huinua mikono, kazi imekwisha, nasi jioni twanung'unika ndani ya matatu toka Ukunda. (Jumapili nayo si dawa, hoteli hazifungwi.)

Twataka mkutano uwe saa kumi na moja jioni, zamu ya asubuhi ikiisha, na tangazo litoke siku 14 kabla. Kura iwe ya karatasi, ya siri. Na Bodi ya Kaunti ikimkataa aliyechaguliwa, itoe sababu kwa barua.

Kila mwenye mtoto shuleni aulize sasa tarehe ya mkutano, ampelekee Katibu wa tawi, ili ruhusa iombwe kwa meneja kabla orodha ya zamu haijabandikwa.