Kava linamlenga nani? Magazeti ya burudani na msomaji wa kusimama

Wadau, magazeti yetu ya burudani tumeyalaumu miaka nenda rudi: "udaku mtupu, muziki hakuna." Sawa, lakini angalieni ukurasa wa mbele ulivyopangwa, mtajua ulipangwa kwa ajili ya nani.

Miaka ya 2000 pale Tandika, Mbagala Rangi Tatu au Kinondoni kwa Manyanya, meza ya magazeti ilikuwa kijiwe kuliko duka. Magazeti yamebanwa kwenye kamba au yametandazwa chini na kuwekewa mawe, mbele yake jamaa kibao wamesimama, mikono nyuma, wanasoma vichwa vya habari. Anayetoa hela ni mmoja, tena kwa kujivuta. Mimi mwenyewe nimesoma mengi kwa staili hiyo.

Mpanga kurasa alilijua hilo. Alikuwa na sekunde chache tu za kumnasa mtu anayekimbilia daladala. Ndiyo maana jina la gazeti likakaa kwenye wekundu, maneno ya njano yakapigwa kingo nyeusi, picha zikarundikwa, hii ina mshale, ile ina duara, na habari ikakatwa pale pale utamu unapoanza: endelea uk. 4! Aliyezoea majarida ya Ulaya ataona fujo. Kwangu mimi ile ni hesabu. Vichwa sita ni ndoano sita. Asiyenaswa na ugomvi wa wasanii atanaswa na mpira.

Chukua Vibe ya Marekani, iliyoanza kutoka mfululizo 1993. Sura moja kubwa, maneno machache, basi. Lilimtegemea msomaji aliyemjua msanii tayari na mwenye hela ya kununua. Hapa Bongo, majarida kama Bang! na Baab Kubwa yalipita njia hiyo ya karatasi ya kung'aa na picha za studio. Yalipendeza, tusibanie sifa. Ila huku uswahilini mimi niliyakuta zaidi saluni, yamechakaa, au kava limechanwa na kubandikwa ukutani kwenye geto la mshikaji.

Halafu kuna Fema, lililoanza 1999 kwa jina la Femina na likawa linagawiwa bure shule za sekondari. Kwa kuwa halikumtegemea mnunuzi wa mezani, kava lake liliweza kumweka kijana wa kawaida tu, anacheka, hana skendo. Ndugu yake, Si Mchezo!, likatumia hadithi za picha kwa vijana walio nje ya shule. Kumbe anayelipa ndiye anayechagua sura ya mbele.

Hapo ndipo wasanii wetu walipoumia. Wimbo mpya hauna picha, ugomvi unayo. Tuliopenda TMK Wanaume, Juma Nature, Chege, Temba na wenzao, tulitaka kusoma mashairi yanatungwaje, nani anatengeneza biti, kaseti inamlipa nani kiasi gani. Kundi lilipogawanyika katikati ya miaka ya 2000, kilichouzika kikawa nani kamtosa nani. Msanii chipukizi wa Temeke akajifunza somo hilo haraka: bila skendo hutoki mbele. Kwa dada zetu ilikuwa noma zaidi. Picha ya binti ameshika maiki ilikuwepo, lakini iliyopewa nafasi ni ile gauni limepanda, na kesho yake mama yake anapita pale pale mezani kwenda sokoni.

Leo watu wanadhani hayo yameisha kwa sababu magazeti hayagombaniwi tena. Fungua YouTube uangalie picha za mbele za video za umbea wa Bongo. Mshale ule ule, duara lile lile, njano ile ile, sentensi imekatwa pale pale.

Kilichobadilika ni malipo. Msomaji wa kusimama alikuwa haliingizii gazeti hata senti, na akiona uongo kulikuwa na watu pembeni wa kubishana naye. Sasa yuko peke yake na simu, na akigusa tu anahesabiwa kama mtazamaji, matangazo yanaingia, mwenye chaneli anapata chake. Binti wa kwenye picha hapati kitu.

Wadau mliokuwa mnasimama mezani enzi hizo, kava gani liliwafanya mtoe hela kweli? Lilikuwa la wimbo au la ugomvi?