Tela Lilale Sawa

Asimamaye alasiri kando ya Barabara ya Morogoro pale Mbezi Luis, karibu na stendi kuu ya mabasi iliyofunguliwa mwaka 2021, aghalabu ataona pikapu ikikokota tela la matofali ambalo pua yake imeinuka mithili ya omo ya jahazi lililoshehenezwa tezini, ilhali dereva, Mungu amsitiri, anapiga honi kwa furaha.

Wengi hudhani kosa ni la mzigo tu. Mimi naona asili ya madhara ni kimo cha chuma cha kukokotea. Kwani pua ikiinuka, uzito hurudi nyuma na tela huanza kuyumba, na ikiinama kupita kiasi, mkia wa gari hudidimia, magurudumu ya mbele yakawa mepesi, usukani na breki zikapungua nguvu.

Nilimtazama fundi mmoja wa kuchomelea akilitegemeza tela tupu kwa vipande vya mbao, mahali tambarare, hata likalala kwa istikama. Akavuta futi toka ardhini hadi kwenye kiungo, akapata sentimita 45, na chuma cha gari kilikuwa 58. Akakishusha kwa 11 tu, kwa kuwa hizo 2 zilizosalia zitamezwa na springi mzigo ukishapakiwa.

Kazi yenyewe haikuzidi saa mbili. Basi, ndugu mwenye tela, kabla hujateremka kuelekea Ubungo, tafadhali shuka upime.