Lugha za Modeli na Uzalishaji wa Msimbo: Nafasi ya Mwanaisimu wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Katika utengenezaji wa programu za kompyuta umeenea utaratibu ambao wanaisimu hatupaswi kuutazama kwa mbali. Badala ya kuandika programu nzima amri kwa amri, mtaalamu huunda kwanza lugha ndogo yenye msamiati na sarufi ya uwanja mmoja tu, kama vile afya, ardhi au ushuru. Mambo ya uwanja huo huelezwa kwa lugha hiyo, na maelezo hayo ndiyo yaitwayo modeli. Kisha programu nyingine huisoma modeli na kuzalisha msimbo. Wahandisi huusifu utaratibu huu kwa kuwa huokoa muda. Hoja ya makala haya ni kwamba lugha hizo, kama lugha nyingine, hupambanua baadhi ya mambo na kuyafumba mengine. Kwa hiyo Kiswahili kinapaswa kushirikishwa wakati modeli inapoundwa, si wakati maandishi ya skrini yanapotafsiriwa.

2.0 Nyumba na Kaya

Mfano wa karibu ni fomu za simu zinazotumika kukusanya taarifa za mitaa. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa Dar es Salaam katika kuchora ramani za maeneo yanayokumbwa na mafuriko. Miongoni mwa zana zilizotumika ni Open Data Kit, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, mwaka 2008. Fomu za zana hiyo huweza kuandikwa kwa XLSForm, yaani jedwali ambalo kila swali lina mstari wake. Safu moja hutaja aina ya jibu, nyingine jina la ndani la swali, nyingine sharti la kuulizwa kwake, na nyingine maneno atakayoyasoma mdodosaji. Jedwali hilo hugeuzwa na programu kuwa hati ya XForms, ambayo simu huisoma na kuonyesha maswali. Aliyeandika jedwali hakuandika hata mstari mmoja wa msimbo.

Kiswahili hukaa katika safu ya maneno ya kusomwa, na huweza kuongezwa baada ya mambo mengine yote kukamilika. Kufikia hapo, lakini, modeli imekwisha kuamua nini ni sehemu ya nini. Tuchukue nyumba ya Uswahilini, iwe ya Manzese, Tandale au Mbagala: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, uani choo kimoja cha wote. Mwenye nyumba huweza kuishi chumba cha mbele, na kila chumba kingine kikawa na mpangaji wake, naye na watu wake hupika chungu chao. Msemaji wa Kiswahili hutofautisha bila taabu nyumba, kaya, chumba, mwenye nyumba na mpangaji. Modeli inayoruhusu nyumba moja kuwa na kaya moja haina nafasi ya tofauti hizo, hata kama tafsiri ya maswali yake ni fasaha. Mdodosaji atamwandika mwenye nyumba kuwa mkuu wa kaya, na wapangaji wataingia kama watu wake au wataachwa kabisa. Baada ya mafuriko, orodha ya misaada itokanayo na fomu hiyo itawakosa wale waliopoteza magodoro. Na kwa kuwa msimbo huzalishwa kutokana na modeli, kosa hilo hurudiwa katika kila simu na kila mtaa.

3.0 Upatanisho wa Kisarufi

Tatizo la pili ni la sentensi zinazozalishwa na programu yenyewe. Mara nyingi modeli huweka kiolezo chenye pengo la nomino na kitenzi kisichobadilika. Kiswahili hakikubali. Mtoto amesajiliwa, watoto wamesajiliwa. Choo kimesajiliwa, vyoo vimesajiliwa. Mfereji umesajiliwa, mifereji imesajiliwa. Kama modeli haikumbuki ngeli ya nomino, hakuna mtafsiri awezaye kuliokoa pengo hilo.

Ufumbuzi upo. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitoa nadharia ya mofolojia ya ngazi mbili, ambamo mwanaisimu huandika kanuni kwa urasimi maalumu, na kanuni hizo huendeshwa na kompyuta. Arvi Hurskainen aliutumia urasimi huo kuchanganua mofolojia ya Kiswahili, na mwaka 1992 alichapisha maelezo ya kazi hiyo. Hii ni lugha mahsusi ya uwanja, na uwanja wenyewe ni wetu: aliyehitajika hasa ni mtu anayezijua ngeli na mnyambuliko wa vitenzi.

4.0 Pingamizi na Mapendekezo

Pengine msomaji atasema kwamba tunataka kubadilisha vichwa vya safu viwe vya Kiswahili, ilhali wahandisi wa dunia nzima wanasomana kwa Kiingereza. Sivyo. Kichwa cha safu kikibaki cha Kiingereza hakuna anayedhurika. Anayedhurika ni mpangaji asiye na mstari wake. Wala hatupendekezi istilahi zibuniwe ofisini na kupelekwa mitaani. Neno tarakilishi lilipendekezwa, lakini Watanzania wengi wameendelea kusema kompyuta.

Kazi ya kutafsiri programu zilizokwisha kuundwa, kama ile ya Jambo OpenOffice iliyofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutolewa mwaka 2004, ina heshima yake. Sasa inafaa tusogee hatua moja nyuma, kwenye chanzo. Kwanza, kabla ya modeli kuandikwa, msamiati wa uwanja ukusanywe kwa wenye uwanja: wajumbe wa mtaa, mabwana afya, mafundi, wapangaji. Pili, mwanaisimu aketi na wahandisi siku modeli inapojadiliwa. Tatu, idara za Kiswahili ziwafundishe wanafunzi kuandika sarufi kwa urasimi unaoendeshwa na kompyuta, kama zinavyowafundisha kuchora matawi ya sentensi. Tusipofanya hivyo, tutaendelea kuitwa mwishoni, kusahihisha tahajia za maswali ambayo hayakupaswa kuulizwa kwa namna ile.