Mvua Haingoji Hazina ya Taifa

Mwishoni mwa Agosti 2025, Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS) ilitangaza kwamba ada zote za kuingia Msitu wa Karura, jijini Nairobi, zilipwe kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni. Marafiki wa Karura, chama cha wananchi ambacho kwa mkataba kimeusimamia msitu huo bega kwa bega na KFS kwa zaidi ya miaka kumi, walitendewa kama mke anayerudi kutoka sokoni akakuta mume amebadilisha kufuli. Mambo yakaishia mahakamani, kama ilivyotarajiwa. Uamuzi ule wa KFS ulikuwa mbovu, na ubovu wake uko palepale zinapopita baisikeli.

Wasioukumbuka msitu huu ulivyokuwa zamani hudhani ulizaliwa hivi. Mwanamazingira Wangari Maathai alipigwa hapo Januari 1999 akipanda miche kuwazuia wanyakuzi wa ardhi. Hata baada ya ardhi kunusurika, wakazi wengi waliogopa kuukanyaga, maana majambazi walikuwa wameufanya maskani. Uzio wa umeme na walinzi vijana kutoka mitaa ya jirani ndivyo vilivyoufungua. Leo mtu anaingia kwa lango la Limuru Road na baisikeli yake, au anaikodi papo hapo, akashuka hadi kwenye maporomoko ya maji na mapango ya Mau Mau bila kugeuka nyuma kila dakika.

Watetezi wa eCitizen wanasema msitu ni mali ya umma na fedha zake zionekane. Sawa, zionekane, lakini wageni walikwisha kuzoea kulipa kwa simu pale langoni. Wanasema pia kuna misitu mingine isiyo na kipato. Kweli, na kuitengea bajeti ni kazi ya Bunge.

Wasichokigusa ni udongo. Karura ina udongo mwekundu ambao ukilowa huteleza kama sabuni. Mwendesha baisikeli akikaba breki kwenye mteremko, gurudumu la nyuma huburuzika na kuacha mchoro mwembamba, nayo maji huufuata. Akiwapo kibarua mwenye jembe kesho yake, ni kazi ya asubuhi moja: anachimba mchirizi wa kuyatoa maji pembeni, anajaza ufa, anashindilia. Asipokuwapo, mvua mbili tatu zinaufanya mchoro kuwa mtaro. Wanaofuata wanaukwepa kwa kupita pembeni, juu ya miche, na njia iliyowatosha watu wawili inapanuka ikawa uwanja wa matope. Mizizi inaachwa wazi, miti inalegea, na hapo jembe halisaidii tena. Panahitajika mawe, lori na zabuni.

Kibarua yule hulipwa kwa shilingi za langoni. Zikisafiri hadi serikalini, zitarudi, zikirudi, kwa mafungu ya bajeti. Mwaka wa fedha wa Kenya huanza Julai. Masika huanza Machi. Afisa gani atakayeidhinisha malipo ya mtaro ambao Aprili ulikuwa mchoro tu?

Na tusidanganyane na ahadi ya kwamba fedha zitarejeshwa. Magavana hulia kila mwaka kwa kucheleweshewa mgao wa kaunti. Walimu wakuu husubiri fedha za wanafunzi hadi muhula unakaribia kufungwa. Serikali inayochelewesha chaki italiwahisha jembe la Karura? Tena Ibara ya 69 ya Katiba inaitaka Serikali ihimize wananchi washiriki kusimamia mazingira, na Sheria ya Misitu ya 2016 ikawapa vyama vya jamii nafasi hiyo. Kushiriki gani huku, ikiwa mwananchi anabaki na fagio na mwenzake anabeba pochi?

KFS ikitaka kuaminiwa, ibandike langoni, kila mwezi, kiasi kilichoingia kupitia eCitizen kwa jina la Karura, kiasi kilichorudi msituni, na tarehe kilipofika.