Nani Ameshika Ufunguo wa Vitabu?



Jioni ya leo, ukitoka kazini, mwite mtoto wako anayesoma sekondari. Mwulize: mwezi wa Desemba mwaka wa 1941, nini kilitokea hapa Lubumbashi, wakati mji ulipoitwa Elisabethville? Akijibu kwamba wafanyakazi wa Union Minière waliacha kazi wakidai mshahara, askari wakawapiga risasi, na karani Léonard Mpoyi akafa siku zile, mshukuru mwalimu wake. Akikutazama tu, usimgombeze. Kosa si lake. Uliza nani aliyemchagulia vitabu.

Mimi pia ni karani. Nilisoma sekondari ya wamisioni, wala sikatai wema wao: walinifundisha kuandika na kuhesabu, na ndiyo kazi inayonilisha. Lakini katika masomo yale kulikuwa na kabati moja lililofungwa sikuzote. Prefe peke yake alikuwa na ufunguo. Tulipouliza, tulijibiwa: «Vitabu vile vitawaharibu.» Nilipopata kazi nikanunua kimoja cha namna ile sokoni. Sikuona uchafu ndani yake. Niliona habari za babu zetu, za mpira wa porini na za fimbo.

Kabati lile halikuanza jana. Mwaka wa 1906 serikali ya Leopold II iliagana na Roma: wamisioni wapewe ardhi, nao wafungue masomo, lakini programu ya masomo ipelekwe mbele ya Gouverneur Général. Kanisa nalo lilikuwa na orodha yake ya vitabu vilivyokatazwa. Les Misérables ya Victor Hugo ilitiwa humo mwaka wa 1864, na orodha yenyewe haikuondolewa mpaka mwaka wa 1966.

Vilevile, mwaka wa 1904 na 1905, tume ilikuja Kongo kusikiliza watu walioteswa kwa ajili ya mpira. Ripoti ilichapwa, lakini maneno ya mashahidi wenyewe yalifungiwa Brussels hata miaka ya 1980. Na mwezi wa Agosti 1908, mfalme alipokuwa karibu kuwaachia Wabelgiji Kongo, karatasi za serikali yake zilichomwa moto siku nane. Mtu asiye na kosa hachomi karatasi.

Wengine watasema: hayo ni mambo ya Wazungu. Basi tuseme na ya kwetu. Mwisho wa mwaka wa 1974 serikali ya Mobutu iliwanyang'anya makanisa masomo yao. Somo la dini likatolewa, na pahali pake pakawekwa Mobutisme, ni kusema mawazo ya mkubwa wa inchi. Mwaka wa 1977 makanisa yakapewa tena kuongoza masomo yao. Lakini tulikwisha kuona: mtoto wa inchi aliyefungiwa kabati jana, alipopata ufunguo, alilifunga vilevile.

Kwa hiyo tunasema wazi: ubaya si rangi ya mkono unaoshika ufunguo. Ubaya ni kumfungia mtu ukweli. Chama cho chote, hata chetu, kikiogopa kitabu, kinawaogopa watu.

Hatusemi mtoto wa mwaka wa pili asome kila karatasi. Mwalimu achague kwa kadiri ya umri, ni kazi yake. Lakini kuchagua ni kumwambia mtoto: «Anza na hiki, kile utakisoma baadaye.» Kukataza ni kumwambia: «Kile hakiko.»

Wazazi, mkiitwa kwenye mkutano wa masomo, msizungumze juu ya pesa na mabati ya nyumba peke yake. Ombeni orodha ya vitabu. Ulizeni kitabu gani kimeondolewa, nani amekiondoa, na kwa sababu gani. Sababu iandikwe, isomwe mbele ya watu wote.

Nanyi wazee mliosikia kwa baba zenu habari za 1941, waiteni vijana muwasimulie. Anayejua kuandika aandike. Sisi watu wa mine tunajua: shaba haitoki chini ya udongo yenyewe. Ukweli nao unataka watu wa kuuchimba.

Mkutano ujao wa wazazi, twende wengi.